Presha ni ya ukoo, kidonge si cha ukoo

Upo mtindo mbaya miongoni mwetu, tuliorudi kutoka ukimbizini na wanaofanya biashara mipakani. Mtu akiumwa kichwa anameza kidonge cha presha cha mama au cha kaka, kwa hoja kwamba damu ni moja.

Ni kweli kwamba presha hurithiwa. Figo hutoa renini, iliyogunduliwa Stockholm mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman. Renini huanzisha utengenezaji wa anjiotensini, homoni inayobana mishipa ya damu na kuchochea nyingine, aldosteroni, inayoifanya figo izuie chumvi na maji. Mfumo huu ukizidi kiasi, presha hupanda na moyo huelemewa. Jeni zinazouendesha tunazipata kwa baba na mama. Lakini wataalamu wamekwishabaini zaidi ya sehemu 1,000 za urithi zinazochangia presha, kila moja kidogo tu, na watoto wa tumbo moja hawagawiwi sawasawa. Chumvi, uzito na pombe navyo huongeza.

Kwa hiyo dawa ya ndugu yako si lazima ikufae. Waafrika wengi wenye presha wana renini ya chini, hivyo dawa za kuzuia mfumo huo, kama kaptoprili, zikitumiwa peke yake mara nyingi hazitoshi. Utafiti wa nchi 6 za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa michanganyiko yenye amlodipini hushusha presha vizuri zaidi. Baya zaidi, mama mjamzito akimeza kaptoprili anaweza kumdhuru au kumpoteza mtoto aliye tumboni.

Sisi tuliosomea ukimbizini tuna tatizo jingine: wengi hatujui babu zetu walikufa kwa ugonjwa gani, kwani waliojua walibaki njiani. Hatuwezi kusema "kwetu hakuna presha". Tunachoweza ni kupimwa. Ikionekana 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, ni presha, hata kama hakuna maumivu yoyote, na daktari ndiye wa kuchagua dawa.

Naziomba wizara za afya za nchi zetu ziweke vipimo vya presha kwenye vituo vya mpakani, pale tunapopanga foleni kugongewa mihuri. Nasi tuache kugawana vidonge kama tunavyogawana chumvi.