Mradi ukiisha, mtumishi hafukuzwi kama kuku

Ndugu wanachama wa kooperative,

Huku Katindo tunasikia malalamiko ya namna moja. Mradi umeisha, komite inamwita sentineli wa depo, inamwambia: "Kesho usirudi." Hakuna barua, hakuna preavi. Akiuliza, wanamjibu: "Sisi ni wakulima, hatuko kampuni."

Jibu hilo hatulikubali. Anayemlipa mtu kila mwezi ni mwajiri, hata kama anashika jembe. Na deni la kooperative linalipwa na viazi na kahawa yenu.

Tunajua hali iko nguvu. Mwaka 2025 benki zilifungwa Goma, na misaada ya Marekani ikakatwa. Sheria haikatazi kupunguza watumishi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16/10/2002 inakubali sababu tatu: mtu hawezi kazi, mwenendo wake ni mubaya, ao mahitaji ya kazi yenyewe yamebadilika. Lakini sababu iandikwe katika barua. Na preavi ni siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Sentineli wa miaka 5 ana haki ya siku 49. Kama ni kuchagua nani aende, muangalie ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa familia. Si nani ni ndugu ya prezida.

Kibaya zaidi ni kumwita mtu mwizi ili asilipwe preavi. Kama aliiba, leteni ushahidi. Akifukuzwa bila sababu ya kweli, tribunali inaweza kuamuru arudishwe kazini, ao alipwe fidia mpaka mishahara ya miezi 36. Kwa mtu wa dola 80 kwa mwezi, hiyo inaweza kufika dola 2.880. Muhesabu ni magunia mangapi.

Na wewe mtumishi, usifiche ufunguo wa depo. Tunza kontra na karatasi za mshahara. Mbele ya tribunali, sheria inataka kwanza mupatanishwe na inspekta wa kazi.

Tunaomba hivi: kabla ya kusaini mradi mupya, muulize mfadhili, "Preavi ya watumishi iko wapi katika bajeti?" Kama haiko, mujue ni ninyi mutailipa.