Kasi siyo ukubwa: kwa wale wa kuhesabu nota

Haya jamani, nimekuwa kimya wiki mbili sababu ya testi, na nimerudi na ugomvi. Ugomvi wenyewe ni wa gitaa. Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa roki na metali toka sekondari, na nimeshazoea kuulizwa kama nimeokoka au bado, hahaha. Hilo tuliache. Leo sigombani na wanaosema muziki huu ni makelele. Nagombana na wenzangu kabisa, wapenzi wa metali, tunaokaa kimbweta kimoja na kurushiana nyimbo kwenye simu.

Kisa ni hiki. Kuna jamaa hapa hosteli katengeneza orodha ya wapiga gitaa kumi bora wa muda wote, na kigezo chake ni kimoja tu: KASI. Nani anapiga nota nyingi zaidi kwa sekunde moja. Kakaa na simu, kahesabu! Akaitupia kwenye kundi letu la WhatsApp, watu wakashangilia, na kwenye orodha hiyo Tony Iommi hayumo. Ebu rudieni kusoma hapo. Orodha ya wapiga gitaa wa metali, na Tony Iommi hayumo. Pilau bila mchele.

Najua kwa nini kasi inapendwa. Inahesabika. Unaweza kubishana na mtu kuhusu utamu wa wimbo mpaka asubuhi, lakini ukimwambia "huyu nota kumi na mbili, yule kumi na tano", ubishi umekwisha na wewe umeonekana msomi. Sasa sisi wa ualimu, kwenye ile kozi ya upimaji, jambo la kwanza kabisa tunaloambiwa ni kwamba kipimo kinaweza kutoa jibu lile lile kila siku na bado kikawa kinapima kitu kingine. Ukipima insha za wanafunzi kwa kuhesabu maneno, utapata alama safi kabisa, hazina utata. Aliyeandika pumba kurasa kumi atakuwa wa kwanza.

Msimamo wangu ni huu, na naomba munipige mawe baada ya kumaliza kusoma. Mpiga gitaa mkubwa ni yule ambaye ukimtoa kwenye wimbo, wimbo unaanguka, na aliyekuja baada yake akashindwa kupiga kama vile huyu hakuwahi kuwepo. Basi. Vidole vikiwa vyepesi ni heri, vikiwa vizito siyo kesi.

Tuanze na huyo aliyeachwa.

Iommi ni mtoto wa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda. Akiwa na miaka 17 alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na siku anayotaka kuacha kazi, siku ya mwisho kabisa, wakamweka kwenye mashine ambayo si yake kwa sababu mwenye mashine hakuja. Mashine ikashuka, ikaondoka na ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Sasa yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Madaktari wakamwambia asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea rekodi ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa jazi wa Ufaransa ambaye moto ulimuunguza kwenye msafara wao mwaka 1928, akabaki na vidole viwili tu vya kutegemea kwenye solo, na bado akawa Django.

Kijana akafanya nini? Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga vikofia vya vidole, akavigandisha ngozi ya koti kuukuu ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu kwa vidole vile, na nyuzi nyepesi za gitaa hazikuwa zinauzwa ovyo miaka ile, akaenda kuchukua za banjo. Baadaye akaanza kuzilegeza, na kufika albamu ya tatu ya Black Sabbath, Master of Reality ya mwaka 1971, gitaa kwenye nyimbo kadhaa limeshushwa nusu-toni tatu nzima. Likawa zito, la chini, linanguruma tumboni siyo masikioni. Leo bendi za metali kushusha nyuzi ni jambo la kawaida kama kuvaa nyeusi. Yaani mnaposema "sauti ya metali", mnataja njia ya mtu mmoja ya kuishi na vidole vilivyokatika.

Halafu sikilizeni wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, iliyotoka tarehe 13 Februari 1970. Nota TATU. Siyo tatu kwa sekunde, nasema tatu tu, zinajirudia polepole kama mtu anapanda ngazi usiku na wewe uko peke yako ndani. Kwa hesabu ya jamaa yetu hapo Iommi anapata kama nota moja kwa sekunde, kafeli, aje kufanya sapu. Na wengi wanaojua historia ya metali wanaanza kuhesabu kuanzia hapo hapo. Albamu yote hiyo karibu ilirekodiwa kwa siku moja, Oktoba 1969. Tarehe 5 Julai 2025 bendi ile ilipiga onyesho lake la mwisho Villa Park, kule kule Birmingham, na wakubwa wa metali wakajipanga kupanda jukwaani kabla yao: Metallica, Slayer, Pantera, Guns N' Roses. Siku kumi na saba baadaye Ozzy akafariki. Wale wote hawakwenda pale kwa ajili ya kasi ya mtu.

Nikawaambia haya kundini, nikajibiwa: "Iommi ni muasisi sawa, lakini muasisi siyo bora." Haya, tuje kwa wasio waasisi.

Mnatazama mkono usio sahihi, ndilo tatizo lenu. Kila mtu anakodolea vidole vinavyokimbia juu ya shingo ya gitaa. Mkono mwingine, unaopiga nyuzi, hauonekani una kazi. Ni ajabu kidogo, kwa sababu sisi tumekulia kwenye nyumba ambazo baba zetu wanasikiliza muziki wa dansi, na mzee yeyote anaweza kukutofautishia gitaa la solo na la ridhim, na atakwambia ridhim ikilala wachezaji wanakaa chini. Tukiingia kwenye metali tunasahau.

James Hetfield wa Metallica. Chukueni Master of Puppets, ule wimbo wenyewe, 1986. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mkono wake wa kulia unapiga kwa kushuka tu. Watu wengi wakifika kasi hiyo wanapiga kushuka na kupanda, kwa sababu ni rahisi, ni nusu ya kazi. Lakini ukipandisha, ile sauti ya kukata kama panga inapotea, inakuwa mtiririko. Hetfield anashuka, anashuka, anashuka, na huku ANAIMBA. Jaribuni kugonga meza hivyo kwa dakika moja na mkono mmoja halafu muone msuli wa mkono unavyowaka. Sasa kuna solo mbili mule. Ya kasi ni ya Kirk Hammett, mpiga solo rasmi. Ile ya polepole katikati, inayofanya watu wazima wafumbe macho, ni ya Hetfield. Mnayoimba kwa midomo bafuni ni ipi? Semeni ukweli.

Au Malcolm Young wa AC/DC. Aliyesimama nyuma karibu na ngoma miaka yote wakati mdogo wake Angus anaruka na kaptula ya shule. Watu wanamjua Angus. Malcolm kwenye gitaa lake aling'oa vinasa sauti, akaacha kimoja tu, akafunga nyuzi nene, na hakutaka solo. Back in Black ya mwaka 1980 imeuza zaidi ya nakala milioni 25 Marekani peke yake. Ondoa solo za Angus mule, utabaki na nyimbo. Ondoa Malcolm, utabaki na mtu mwenye kaptula. Alifariki Novemba 2017 na orodha za kasi hazikumwona hata siku moja.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri nimfikie Eddie Van Halen ndio mnikamate.

Haya, nimemfikia. Eruption, 1978, dakika moja na sekunde arobaini na mbili, vidole vya mikono yote miwili juu ya shingo ya gitaa, dunia nzima ya wapiga gitaa ikarudi chumbani kufanya mazoezi. Ni kweli, kasi ipo. Lakini miaka ya themanini ilijaa vijana waliojifunza kugonga nyuzi vile vile, wengine kwa kasi zaidi, na majina yao wamebaki nayo mama zao. Kwa nini yeye akabaki? Gitaa lake aliliunga mwenyewe kwa vipande vya bei rahisi kwa sababu hakuna lililokuwa dukani lililotoa sauti aliyokuwa nayo kichwani. Na kuna mfano mmoja ambao hata wasiopenda roki wanaujua: Beat It ya Michael Jackson, 1982. Solo ile ni ya Eddie, na hakulipwa senti. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipofika studio, kabla ya kupiga aliomba kwanza muziki wa chini ya solo ubadilishwe, kwa sababu uliokuwepo haukumpa pa kusimama. Mnaona? Kasikiliza wimbo KWANZA. Kasi ilikuja ikiwa na kazi ya kufanya. Huyo ni shahidi wangu, siyo wenu, samahani.

Yngwie Malmsteen namuachia jamaa, achukue. Ingawa hata yeye ukubwa wake ni kule kuleta fidla za akina Paganini ndani ya metali mwaka 1984, na hilo nalo halihesabiki kwa sekunde. Wanaomuiga wamechukua mbio wakaacha fidla.

Na Brian May je? Queen mnaipenda wote, hasa mkikumbuka Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar mwaka 1946, mnajivunia kama binamu. Aliyekuwa pembeni yake na gitaa ni mtu aliyelitengeneza gitaa hilo nyumbani na baba yake kuanzia 1963, shingo ikitokana na mbao za jiko la zamani la kuotea moto, na ncha ya sindano ya kufumia ikawekwa kwenye mkono wa kutikisia nyuzi. Anapiga kwa sarafu ya senti sita ya Kiingereza. (Pia ana PhD ya fizikia ya nyota, aliimaliza 2007 baada ya kuiacha miaka thelathini na kitu, kwa hiyo nyie wenye kuahirisha mwaka msikate tamaa.) Solo yake kwenye Bohemian Rhapsody unaweza kuiimba yote, mwanzo mpaka mwisho, kama ubeti mwingine. Ndiyo maana inakaa pale.

Nimalizie wasahaulifu na Sister Rosetta Tharpe, maana katika orodha ile hakuna mwanamke hata mmoja na hakuna aliyeona ajabu. Mmarekani mweusi, mwimba nyimbo za injili, alikuwa anaunguruma na gitaa la umeme kabla wengi wa hao mashujaa wenu hawajazaliwa. Rekodi yake ya 1944 wengine wanaiweka miongoni mwa rekodi za kwanza za rokinroli. Mwaka 1964 alipigia watu kwenye stesheni ya reli ya Manchester, na koti lake zuri, video ipo, itafuteni. Wakamwingiza kwenye jumba la heshima la rokinroli mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa. Wasioamini kwamba mtu wa kanisani anaweza kuwa mzazi wa muziki wa "shetani", poleni sana.

Sasa kwa nini nimekasirika kiasi hiki kwa ajili ya orodha ya WhatsApp? Kwa sababu kuna kijana wa mwaka wa kwanza, wa ualimu kama mimi, anayepiga ridhim kwenye kwaya ya hapa kampasi. Hana solo. Ana mkono wa kulia ambao ukianza, mpiga ngoma anaufuata yeye, siyo kinyume chake. Orodha ilipotoka akathubutu kuandika kwamba Malcolm Young angestahili, na mtu mmoja (anajijua) akamjibu: "Wewe si mpiga gitaa, wewe ni mpiga makofi mwenye nyuzi." Watu wakaweka vicheko arobaini. Juzi namkuta anaulizia bei ya kuuza gitaa. Bumu halijachelewa, hana shida ya hela. Anauza kwa sababu kaamini. Na aliyemjibu vile mwakani anakwenda kufundisha watoto wa watu.

Nimemzuia kwa sasa. Nimempa ile rekodi ya 1970 na habari ya chupa ya sabuni.

Nyie wenye orodha, kazi yenu hii hapa. Master of Puppets, dakika tatu na nusu za kwanza, kabla haujapoa. Mkono unashuka tu, atakayepandisha anaanza upya. Kijana kashafika dakika ya pili bila kuchechemea. Tupo kimbweta cha nyuma ya maktaba kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, amplifaya ndogo ipo. Njooni na vidole vyenu vya nota kumi na tano.