Aprili 1, siku Kisumu ilipohama nchi

Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Port Florence, Kisumu ya leo. Iliitwa Reli ya Uganda, na wakati huo jina halikukosea: Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, ambayo upande wa mashariki ilianzia karibu na Naivasha. Haikupita miezi minne. Aprili 1, 1902, Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Watu walilala Uganda wakaamka katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, bila kung'oa hata figa moja.

Huo ndio mzizi wa mpaka unaopita leo Busia na Malaba. Wasamia na Waiteso wamo pande zote mbili. Dagaa ni walewale wa ziwa moja, ila huku huitwa omena na kule mukene.

Februari 1976 Idi Amin aliifufua tarehe hiyo, akadai kwamba magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, palikuwa pa Uganda. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakasusia mizigo ya Uganda, na Amin akarudi nyuma. Mpaka ukabaki palepale.

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Malori yamenufaika waziwazi. Mama mwenye magunia matatu ya maharage bado huambiwa na madalali kwamba njia ya panya ni nafuu. Si kweli daima. Mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, nao hautozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kubaki, na hapo ndipo wengi hubabaishwa, kwa kuwa hawajui ipi ni ipi. Akipita porini, anaweza kupoteza mzigo wote.

Orodha hiyo ibandikwe madirishani Busia na Malaba, kwa Kiswahili, Kiteso na Kisamia. Na afisa anayemtoza mwenye cheti aandike kwenye risiti ni kodi gani.