Evolution Inasingiziwa

Itaje Evolution mbele ya watumiaji wa Linux, ile programu ya baruapepe na kalenda ya GNOME, na hutakosa wa kukwambia kwamba inafyonza RAM. Mashtaka ni mengi, na ushahidi karibu wote unatoka kwenye top, amri inayoorodhesha michakato na kumbukumbu yake.

"Inakula makumi ya gigabaiti." Anayesema hivi amesoma safu ya VIRT. Safu hiyo huonyesha anwani ambazo mchakato umejitengea, wala si RAM iliyotumika. Evolution huonyesha barua kwa kutumia WebKit, na WebKit hushika eneo kubwa la anwani mapema, kwa sababu za usalama. Kwenye mashine ya biti 64 anwani hizo ni za bure: eneo lote la mchakato mmoja kwa kawaida hufika terabaiti 128. VIRT haimhukumu yeyote.

"Haya, tuhesabu RES." Hapo tumesogea, maana RES ni kurasa zilizomo ndani ya RAM kweli. Tatizo ni kwamba maktaba kama GTK hupakiwa mara moja na kutumiwa na programu nyingi, ilhali RES huiandikia kila moja mzigo wote. Ni kama bili ya maji ya shilingi 30,000 kwenye nyumba ya wapangaji watatu, kisha kila mpangaji aandikiwe 30,000 peke yake. Ukijumlisha unapata 90,000 ambazo hakuna aliyezidai. Kipimo kinachogawa kwa haki ni PSS, nacho kimo katika kerneli tangu toleo 2.6.25 la mwaka 2008. Siku hizi hakuna haja ya kujumlisha kwa mkono: chukua namba ya mchakato, soma faili la smaps_rollup lililo chini ya /proc/ na namba hiyo, kisha tafuta mstari ulioandikwa Pss. Ukiwa mvivu kama mimi, smem itakupangia michakato yote kwa mpigo. Jumla ya PSS ndiyo ya kubishania.

"Mimi hata situmii Evolution, mbona evolution-calendar-factory inakimbia?" Swali la haki. Huo ni mchakato wa Evolution Data Server, huduma inayotunza kalenda na vitabu vya anwani kwa niaba ya programu nyingine. Bofya saa iliyo juu ya skrini ya GNOME. Miadi inayojitokeza pale imetoka huko. Wanaoshauri "iondoe tu" wanawapotosha wenzao. Kwenye Debian na Ubuntu, gnome-shell inakitegemea kifurushi cha huduma hiyo, na anayebonyeza Y bila kusoma orodha ya vinavyoondolewa anaweza kujikuta hana desktopu. Anayetaka kupunguza mzigo aanze na kalenda za mbali alizojisajili zamani akazisahau, kwa sababu huduma hii inazipakua na kuzitunza hata kama hazifungui.

"KMail, programu nyingine ya baruapepe, ni nyepesi zaidi." Labda dirisha lake. Nyuma yake kuna Akonadi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiendesha seva yake ya hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Nayo ihesabiwe.

"Kusoma barua kwenye kivinjari hakuli kitu." Hakuli kwa jina lake tu, kichupo nacho ni mchakato wenye RAM yake, ila lawama hubebwa na kivinjari.

"Nikiifungua, RAM yote inaisha." Tazama free -h, na usome safu ya available, si ya free. Linux hutumia RAM iliyolala kuweka akiba ya mafaili yaliyosomwa, na huiachia programu inapohitajika. Makadirio ya available yamo katika kerneli tangu 3.14, mwaka 2014.

Limebaki moja lenye ukweli ndani yake: "Inavuja." Hutokea. Lakini namba kutoshuka baada ya kufunga folda kubwa si uthibitisho, kwani maktaba ya glibc mara nyingi hubaki na kumbukumbu iliyoachiliwa ili iitumie tena. Uvujaji hujulikana PSS inapopanda siku baada ya siku, kazi zikiwa zile zile, bila kutua. Ukiona hivyo, waandikie watengenezaji: PSS ya Jumatatu na ya Ijumaa, toleo la programu, aina ya akaunti. Picha ya top usiiambatishe.