Mkutano wa siku moja: maarifa yako kwenye foleni ya chai

Haya, tangazo la mkutano wa watengeneza programu likianza kuzunguka Nairobi, swali huwa ni lile lile: kuna haja ya kwenda? Tiketi ina bei yake, Jumamosi nzima inaondoka, na anayetoka Kisumu au Mombasa analipa nauli mara mbili, ya kuja na ya kurudi. Halafu hotuba zote zitawekwa YouTube baadaye. Si afadhali mtu akae nyumbani na kifurushi chake cha data?

Jibu langu ni moja: nenda. Lakini waandaaji nao nina neno nao, maana wengi wanaitumia vibaya siku hiyo moja tunayowapa.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuhudhuria, mikutano hii huwa hivi. Watu mia moja au mia mbili wanaotengeneza programu za simu, tovuti na mifumo ya malipo hukusanyika kwenye ukumbi wa chuo au hoteli. Asubuhi mnaandikishwa na kupewa kamba ya shingoni yenye jina lako. Hufuata hotuba kuu, hotuba nyingine, chai, hotuba, chakula cha mchana, jopo la wataalamu watano kwenye viti virefu, hotuba tena, picha ya pamoja, na mnatawanyika na vibandiko vya kompyuta na fulana isiyokutosha. Maswali? Dakika tano kila hotuba ikiisha, na mara nyingi hata hizo zimeliwa na mzungumzaji aliyepitiliza.

Mtindo huu ulikuwa na maana wakati fulani. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, ikawa ya polepole na ya bei mbaya. Kuangalia video ya saa nzima ya mtu akieleza lugha ya programu ilikuwa anasa. Wakati huo mtu aliyesafiri, akajifunza kitu na kurudi kutusimulia jukwaani alikuwa ametuletea mali. Mtu ungetoka mkutanoni na CD au flashi yenye programu ambazo ungezipakua kwa wiki nzima.

Leo habari si haba tena. Ukitaka kujua fremuweki mpya inafanyaje kazi, waliyoiandika wenyewe wamekueleza bure, kwa video, na unaweza kuisimamisha ukachote chai. Sasa kwa nini nipande matatu alfajiri nikaketi kwenye kiti cha plastiki nisomewe slaidi za kitu hicho hicho?

Kilicho haba leo ni mtu aliyepatwa na tatizo lako, hapa hapa, akalitatua. Ngoja nitoe mfano.

Kwenye mkutano mmoja tulikuwa tumepanga foleni ya chai na mandazi. Kijana mmoja kutoka upande wa Nakuru, mwenye mfumo mdogo wa kutumia SMS wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, akawa analalamika kwamba gharama yake imepanda mara tatu na hajui kwa nini. Wateja ni wale wale. Ujumbe ni ule ule, kama herufi 150 hivi, yaani chini ya kikomo cha 160. Asubuhi nzima alikuwa ameketi na swali hilo mdomoni na hakuna hotuba iliyoligusa. Dada aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Hebu nionyeshe huo ujumbe." Akautazama kidogo tu, akauliza: "Hii ritifaa ya ng'ombe umeiandika wapi?"

Mnaona? Simu za GSM zina orodha yao ndogo ya herufi. Ujumbe ukitumia herufi za orodha hiyo peke yake, unabeba herufi 160. Ukiingiza hata alama moja iliyo nje ya orodha, ujumbe mzima unahamishiwa mfumo mwingine wa kuandika herufi, na sasa unabeba 70 tu. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu nafasi kidogo kwenye kila kipande inatumika kuviunganisha tena kwenye simu ya mpokeaji. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu ya kuandikia barua hujiwekea yenyewe bila kukuuliza, haimo. Kijana alikuwa ameanza kuandika ujumbe wake kwenye programu ya barua, kisha anaunakili kwenye mfumo. Herufi 150 zikawa vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa kama SMS moja.

Dawa yake ni mstari mmoja wa msimbo: badilisha ritifaa iliyopinda iwe iliyonyooka kabla ya kutuma. Dakika nne kwenye foleni ya chai, na biashara ya mtu imepona.

Sasa niambie, ni mkutano gani wa California ungekupa somo hilo? Kiingereza nacho kina ritifaa, ndiyo, lakini wa kule haandiki ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na ng'aa kutwa kucha, wala hatumii SMS kuwafikia wafugaji wenye simu za kitufe. Somo hili ni letu. Na kama hili yako mengi. Mwaka 2019 zilipoingia namba za simu zinazoanza na 01, kulikuwa na fomu za tovuti zilizoandikwa kuamini kwamba namba ya Kenya lazima ianze na 07, zikawa zinawakataa wateja halali. Menyu ya USSD, ile ya nyota na reli, ina nafasi ya herufi 182 tu kwa kila ukurasa, na mteja akichelewa kujibu mazungumzo yanakatika. Kuipanga ni ufundi wa peke yake. Tangu Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, maelfu ya vijana wameunganisha programu zao na M-Pesa, na kila mmoja amelazimika kujiuliza: taarifa ya malipo ikija mara mbili nifanye nini? Isipokuja je? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inamhusu hata mwenye duka la mtandaoni la mtu mmoja anayehifadhi majina na namba za wateja.

Hayo ndiyo maarifa yanayostahili nauli. Na ajabu ni kwamba kwenye ratiba hayamo. Yako kwenye korido, kwenye foleni ya choo, chini ya mti karibu na maegesho. Ratiba imejaa mambo ambayo ningeyapata kitandani, na mambo ambayo siwezi kuyapata popote yameachiwa dakika ishirini za chai.

Kwa nini iko hivi? Sababu ya kwanza ni fedha. Ukumbi unalipiwa, chakula kinalipiwa, na mdhamini anayelipa hutaka kusimama jukwaani. Nawaelewa waandaaji, wengi wao ni vijana wanaojitolea, na bila wadhamini tungekutana kwenye nyasi za Uhuru Park. Mdhamini apewe shukrani, apewe meza mlangoni, nembo yake ibandikwe kila ukuta. Lakini asiuziwe saa. Tumekuja na saa saba au nane tu za kukaa pamoja. Ukiuza moja kwa mtu wa masoko aje kutusomea bei za huduma zake, umeuza kitu ambacho si chako. Ni cha yule aliyelala kwenye basi.

Sababu ya pili hatupendi kuisema: lugha. Jukwaani ni Kiingereza, tena kile cha kuvaa tai. Mzungumzaji akimaliza anauliza kama kuna swali, ukumbi unanyamaza kama msikiti usiku. Dakika kumi baadaye watu wale wale wanabishana kwa Kiswahili na Sheng kando ya birika: seva yako ililala lini, wewe ulifanyaje, hiyo haiwezi kufanya kazi bwana! Maswali walikuwa nayo. Hawakutaka kuonekana washamba mbele ya watu mia mbili kwa kukwama katikati ya sentensi. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakuwahi kushika maikrofoni kwenye hoteli ya Westlands.

Najua nitaambiwa kwamba kompyuta ni Kiingereza na huwezi kuandika programu kwa Kiswahili. Sijaomba mtu atafsiri maneno ya lugha za programu. Hata mimi nikieleza hifadhidata kwa Kiswahili naokota maneno ya Kiingereza njiani, na sioni haya. Ninachoomba ni kwamba mtu aruhusiwe kuuliza kwa lugha anayofikiria nayo, na ajibiwe. Kwamba Kiswahili kinaweza kazi hii si jambo la kubishania: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kama menyu imewezekana, swali moja la ukumbini litashindikanaje?

Na wala hatuhitaji kuvumbua chochote. Mwaka 1985 Mmarekani Harrison Owen alianzisha namna ya kukutana bila ratiba ya kupangiwa. Alikuwa amegundua kwamba mazungumzo ya maana hutokea wakati wa mapumziko ya kahawa, basi akajaribu kuufanya mkutano wote uwe mapumziko. Washiriki hupanga mada wenyewe siku hiyo hiyo, na anayeona hapati wala hatoi kitu hutumia miguu yake miwili kuhamia kundi lingine, bila kununiwa. Watengeneza programu wa Palo Alto walifanya BarCamp ya kwanza Agosti 2005 kwa moyo huo huo, na mtindo ukasambaa duniani.

Nairobi nasi tuliupokea. BarCamp ya mwaka 2008 ilifanyika miezi michache tu baada ya vurugu za uchaguzi, wakati ambapo Ushahidi, iliyoanza Januari mwaka huo kwa kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, ilikuwa bado changa. Ushahidi yenyewe haikuzaliwa kwa hotuba kuu. Ory Okolloh aliuliza mtandaoni kama kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya yanayotokea, na watu wakajitokeza wakaitengeneza kwa siku chache. Mtu aliuliza, wengine wakasikia. Hiyo ndiyo kazi ya kukutana.

Basi waandaaji, mkinikubalia, siku yenu iwe hivi. Anzeni saa tatu na nusu asubuhi, aliyeshuka kwenye basi la usiku apate kunawa uso. Hotuba mbili tu kabla ya chai, na kila moja ieleze kitu kilichomharibikia mzungumzaji hapa nchini na jinsi alivyokitengeneza. Mlangoni wekeni karatasi na kalamu. Kila anayeingia aandike tatizo lake moja, kwa lugha yoyote, abandike ukutani. Wakati wa chai watu wawili wayapange yanayofanana. Baada ya hapo gaweni ukumbi katika duara za watu kumi au kumi na tano, duara moja kwa tatizo moja, kompyuta wazi, na kamba za stima za kutosha. Kuweni na duara la SMS na USSD, la malipo, la sheria ya data, na la waliojifunza msimbo mwezi uliopita na hawajui waanzie wapi.

Mchana wekeni nusu saa ya hotuba za dakika tano tano. Watu wa lugha ya Perl waliutumia mtindo huo kwenye mkutano wao wa Pittsburgh mwaka 2000 na tangu hapo umeenea kote, kwa sababu rahisi: mtu anayeogopa dakika arobaini haogopi tano. Kisha nusu saa ya mwisho kila duara liandike lilichokitatua, kwa Kiswahili cha kawaida, na kurasa hizo zisambazwe kwa wote. Maliza saa kumi, watu wa mbali wawahi magari.

Kwenu mnaohudhuria, nanyi mna kazi. Usije mikono mitupu. Njoo na tatizo moja lililokushinda na kitu kimoja unachokijua vizuri, hata kiwe kidogo kama ritifaa. Usijifungie na kompyuta kwenye kona ukimalizia kazi ya mteja. Hiyo ungeifanya nyumbani. Na ukisikia mtu karibu nawe analalamika, usipite. Muulize kama yule dada: hebu nionyeshe.

Yule kijana wa Nakuru alilipa tiketi, nauli na mlo. Hotuba za siku ile hakuweza kunitajia hata moja. Ila la ritifaa alikuwa amelitengeneza kwenye simu kabla hatujaitwa kurudi ndani.