Teke la Bunduki

Watu wengi hudhani kwamba bunduki kubwa ndiyo imwuayo mnyama upesi. Walakini wawindaji wa zamani walijua neno jingine: risasi iliyokosa mahali pake haina faida, hata ikiwa nzito namna gani.

Yafaa ifahamike kwamba kila bunduki ipigwapo hurudi nyuma na kumpiga teke mwenyewe begani. Ukali wa teke hilo hutokana na mambo matatu: uzito wa risasi, wingi wa baruti, na wepesi wa bunduki yenyewe. Risasi ya .275, ambayo asili yake ni ile 7x57 ya Mauser ya Ujerumani, aghalabu huwa na gramu 9 hivi, ile ya.375 yaweza kufika gramu 19. Katika bunduki za kawaida, teke la hiyo ya pili hulishinda la kwanza zaidi ya mara mbili.

Mtu akisha kuumizwa bega mara mbili tatu, mwili wake hausahau. Siku nyingine kidole kinapogusa mtambo, macho hufumba na bega hukaza kabla ya mlio. Mtutu huyumba kidogo tu; lakini kidogo hicho, kwa umbali wa hatua mia, hutosha kuipeleka risasi tumboni mwa swala badala ya moyoni. Mnyama hukimbia na maumivu yake, akafia vichakani bila kumfaa mtu. Akiwa ni nyati, hatari huwa kubwa zaidi, kwani huenda akamkuta mchunga ng'ombe asiye na habari wala silaha.

Mfano mashuhuri ni W. D. M. Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20. Aliwaua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa hiyo .275, kwa kuwa alijifunza umbile la kichwa cha tembo hata akajua njia ya kuufikia ubongo. Hesabu hiyo leo husomwa kwa huzuni, wala ustadi wake si wa kuigwa kwa pupa. Ndiyo sababu sheria za nchi nyingi za Afrika zilikuja kutaka bunduki ya.375 au zaidi kwa wanyama wakali.

Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na swala wa Ziwa Nakuru sasa hutazamwa tu. Lakini ng'ambo ya mpaka, Tanzania, uwindaji wa leseni ungaliko. Na huku Bondeni askari wa wanyamapori wangali wakibeba bunduki. Kwao somo hili halikuzeeka.

Basi mwenye kujifunza na aanze na risasi yenye teke dogo, apige chache kwa siku, akikishikiza kitako barabara begani. Kipande cha mpira kitakoni hupunguza maumivu. Hali kadhalika bunduki nzito kidogo. Kwa swala, .275 yatosha kabisa. Kila mtu na achukue bunduki awezayo kuipiga bila kufumba macho; nayo ikiwa ndogo kuliko mnyama aliye mbele yake, amwache mnyama huyo aende zake.