Tusiusingizie Uzee



Ni mara ngapi umemwona bibi akipapasa ukuta kuutafuta mlango, kisha ukasikia mtu akisema, "Ni uzee tu"? Hilo neno "tu" ni dogo, lakini limewafungia wazee wengi ndani ya nyumba. Leo nalishtaki mbele yako.

Wanaolitetea hudai kwamba ulemavu wa uzeeni ni majaaliwa, na kwamba kadiri watu wanavyoishi miaka mingi ndivyo wasiojiweza watakavyozidi. Dai hili si la vijiweni peke yake. Mwaka 1977 mtaalamu Ernest Gruenberg alionya kwamba tiba inarefusha maisha ya wagonjwa bila kuwaponya. Mwaka 1980 daktari James Fries akatoa hoja tofauti: maradhi yanaweza kucheleweshwa, yakabanwa katika miaka michache ya mwisho wa maisha.

Sasa itazame Marekani. Mwaka 1982, takriban asilimia 26 ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa na ulemavu wa muda mrefu, yaani hawakuweza kuoga, kuvaa, kupika au kutimiza shughuli nyingine za kila siku bila msaada. Kufikia mwaka 1999, kwa mujibu wa Kenneth Manton na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 20. Je, uzee ulipungua? Hasha! Watafiti wanataja elimu, upasuaji wa mtoto wa jicho, tiba ya moyo na vifaa vya kujisaidia.

Utanijibu: "Mwalimu, hiyo ni nchi tajiri." Hoja yako ina uzito, lakini haitoshi. Katika nchi hiyo hiyo tajiri, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa umri wa miaka 50 hadi 64 wanaohitaji msaada wa kujihudumia waliongezeka. Kama mali peke yake ingekuwa kinga, wasingeongezeka. Basi ulemavu wa uzeeni hupanda na kushuka kwa kutegemea jinsi jamii inavyowatunza watu wake, tangu ujanani.

Wahenga walinena: kuishi kwingi ni kuona mengi. Ataona nini aliyeachwa na mtoto wa jicho, ilhali upasuaji wake ni wa muda mfupi na hufanyika hata katika hospitali za Afrika Mashariki?

Kwa hiyo, ukimkuta babu yako anapapasa, usimhurumie kwa maneno. Muulize macho yalianza kufifia lini. Mpeleke akapimwe. Kisha umuulize diwani wako, kwa Kiswahili sanifu na bila woga, kituo chetu cha afya kina huduma gani ya macho.

Zoezi la leo: tunga sentensi tatu zenye neno "uzee". Ni marufuku kutumia neno "tu".